Mdudu wa Unga Haanzii Kwenye Unga

Mada kwa mabaraza ya wadi, vikundi vya wakulima, wenye mashine za kusaga na wenye maduka ya nafaka, Kaunti ya Kilifi



Mada ya leo inahusu mdudu ambaye karibu kila nyumba inamjua, ingawa ni wachache waliowahi kumtazama vizuri. Ni yule mdogo mwembamba, wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, anayekimbia juu ya unga mama anapofungua ndoo. Urefu wake ni milimita 3 hadi 4, mfupi kuliko punje ya mchele. Watu wengi humwita mdudu wa unga. Wataalamu humwita mbawakawa mwekundu wa unga, na jina lake la kisayansi ni Tribolium castaneum.

Mdudu huyu akionekana, lawama huanza. Mwenye unga humlaumu mwenye mashine ya kusaga. Mwenye mashine humlaumu aliyeleta mahindi. Mwenye duka humlaumu dereva aliyemshushia mzigo. Wateja huhama, majirani hununiana, na chakula humwagwa.

Kabla ya kulaumiana, kuna jambo moja la kufahamu: mdudu wa unga hana meno ya kutoboa punje nzima ya mahindi. Akipewa punje kavu, safi, isiyo na ufa, atashindwa. Akionekana amezaana, ujue kuna kitu kilichomtangulia. Ama punje zilivunjika wakati wa kupukuchua, ama zilibunguliwa na wadudu wengine, ama vumbi la unga wa zamani halikufagiwa. Kwa hivyo vita vyake havishindwi wala havishindi kwenye ndoo ya unga. Huamuliwa mapema, tangu shambani, kwenye uchaga, ghalani na kwenye mashine.

Ukoo uliozoea ukame

Mdudu wa unga ni wa ukoo mkubwa wa mbawakawa unaoitwa Tenebrionidae, wenye aina zaidi ya 20,000 duniani. Wengi wao hawamdhuru mtu. Huishi chini ya magome ya miti, kwenye majani yaliyooza na hata jangwani. Katika jangwa la Namib, kusini mwa Afrika, wako ambao hupanda juu ya kilima cha mchanga alfajiri, wakainamisha kichwa na kuinua mgongo, umande wa ukungu ukatiririka hadi mdomoni. Hivyo ndivyo wanavyokunywa maji mahali pasipo na mto wala kisima.

Mdudu wa unga amerithi uvumilivu huo. Anaweza kuishi na kuzaana ndani ya unga mkavu sana, ambamo wadudu wengine wa ghalani hufa. Ndiyo maana kukausha mahindi, ingawa ni lazima, hakutoshi peke yake kumzuia.

Tena si mgeni wa jana. Mabaki ya wadudu wa jamii yake yamepatikana katika makaburi ya kale ya Misri, pamoja na vyakula walivyozikwa navyo wafu. Tangu binadamu alipoanza kuweka nafaka, mdudu huyu amekuwa akimfuata.

Ana ndugu wa karibu anayefanana naye mno, hata wataalamu walikuwa wakiwachanganya. Huyo ndugu akapewa jina la kisayansi la Tribolium confusum, yaani aliyechanganywa. Tofauti moja ni kwamba mbawakawa mwekundu huruka vizuri kukiwa na joto, lakini ndugu yake haruki. Hapa Pwani, jioni za joto, mwekundu anaweza kutoka ghala moja akaingia la jirani. Kwa hivyo usafi wa boma moja hautoshi ikiwa boma la pili limelala.

Wafugaji wa kuku nao wana ndugu mwingine wa ukoo huu. Ni mbawakawa mweusi anayejaa kwenye takataka za banda na chini ya vyombo vya chakula. Anaweza kubeba vijidudu vya salmonela kutoka kundi moja la kuku hadi jingine. Banda likiachiwa chakula kilichomwagika, naye hukaribishwa.

Namna anavyozaana

Jike hutaga mayai moja moja ndani ya unga, kati ya 2 na 10 kwa siku. Kwa maisha yake yote anaweza kufikisha 300 hadi 500. Mayai hayo yana ute unaonata, hivyo hujipaka unga na kufichika kabisa. Mtu akitazama haoni kitu.

Kukiwa na joto, yai huanguliwa baada ya siku chache. Buu hutoka, mwembamba, wa manjano hafifu, naye hula mfululizo huku akijivua ngozi mara kadhaa. Akishiba ukuaji hulala bila kula, mweupe, bila kujifunika kwa chochote, kisha hutoka akiwa mbawakawa kamili. Kwenye joto la nyuzi 30 safari hiyo yote huchukua takribani mwezi mmoja. Joto likiwa nyuzi 32 hadi 35 huenda mbio zaidi. Likishuka chini ya nyuzi 22 hivi, uzazi hukwama.

Hesabu ni rahisi. Jike mmoja akitaga mayai 5 kwa siku, kwa mwezi ni mayai 150. Watoto wa kwanza wakianza kutaga, mama yao bado anataga, kwa sababu mbawakawa mkubwa huishi miezi mingi, na wengine hupita mwaka. Kwa bahati njema, wao wenyewe hula mayai yao na wenzao waliolala, jambo linalopunguza idadi. Lakini upungufu huo hauwezi kumwokoa mtu aliyeacha unga miezi 3 bila kuufungua.

Wakazi wa nyanda za juu zenye baridi hupata nafuu fulani. Kilifi haina nafuu hiyo. Joto la Pwani humfaa mdudu huyu karibu mwaka mzima, na mkazi wa Ganze au Magarini hana budi kuwa mwangalifu kumshinda mwenzake wa Kitale.

Wanaomfungulia mlango

Kama mdudu wa unga hawezi kutoboa punje, nani humtobolea? Wa kwanza ni fukusi, yule mwenye pua ndefu. Jike la fukusi hutoboa punje, hutaga ndani na kuziba tundu. Buu hula kiini, kisha hutoka na kuacha ganda na vumbi.

Wa pili ni mbaya zaidi. Ni dumuzi, ambaye wakulima wengi wa Kenya humwita Osama. Asili yake ni Amerika ya Kati. Aligunduliwa Tanzania karibu na mwanzo wa miaka ya 1980, na mwaka 1983 akaonekana nchini Kenya, eneo la Taveta. Dumuzi hutoboa mahindi yakiwa bado kwenye bunzi, na hutoboa pia mbao, kibuyu na muhogo mkavu. Kazi yake huacha unga mwingi chini ya gunia. Unga huo ndio karamu ya mdudu wetu.

Wa tatu ni binadamu mwenyewe. Mahindi yakipigwa kwa fimbo ndani ya gunia, punje nyingi hupasuka. Kila ufa ni mlango. Karanga zilizobanguliwa, korosho zilizovunjika, makopa ya muhogo na chakula cha kuku cha kusagwa ni vyakula ambavyo milango yake imeshafunguliwa, na mdudu huyu huvipenda vyote.

Unga wa waridi na harufu kali

Mdudu wa unga haumi mtu wala haambukizi malaria. Madhara yake ni mengine. Mwilini ana tezi zinazotoa kemikali za jamii ya kwinoni, ambazo ni silaha yake dhidi ya maadui. Wakiwa wengi, kemikali hizo huingia kwenye unga, nao hugeuka kuwa na rangi ya waridi au kijivu na kutoa harufu kali inayochoma pua. Unga wa ngano ukifika hapo, mkate na mandazi havifuri vizuri, na ladha huharibika.

Wengi huamini kwamba unga ukichekechwa umepona. Ungo huondoa wadudu wakubwa na mabuu. Mayai mengine hupita kwenye matundu, na zile kemikali haziondoki kwa kuchekecha wala kwa kuanika. Unga ulioonekana na wadudu wawili watatu, usio na harufu wala rangi ngeni, unaweza kuchekechwa kwa ungo laini na kupikwa mara moja. Unga uliobadilika rangi na kunuka haufai kuliwa wala kuuzwa.

Liko pia jambo zito zaidi. Wadudu wengi wakiwa ndani ya gunia, pumzi zao huleta joto na unyevu. Unyevu huleta ukungu, na ukungu wa aina fulani hutoa sumu ya aflatoksini, ambayo haionekani kwa macho na haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika kaunti za leo za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafariki. Chanzo kikuu kilikuwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kwa sababu hiyo, mahindi au unga wenye ukungu usipewe hata mifugo. Ng'ombe wa maziwa akila, sumu hupita hadi kwenye maziwa ya watoto.

Kazi ya mkulima

Ulinzi huanza na mbegu. Mahindi yenye maganda marefu yanayofunika ncha ya gunzi huwachelewesha fukusi. Wazee wa Pwani walijua hivyo, na ndiyo sababu mojawapo ya kupenda mahindi ya kienyeji kama mdzihana. Mahindi yakikomaa yavunwe mapema, kwa maana fukusi na dumuzi huanza kuyashambulia yakiwa bado shambani.

Kuanika kufanywe juu ya turubai, mkeka au jukwaa, si juu ya udongo. Kiwango cha unyevu kinachokubalika kwa mahindi ni asilimia 13.5 au chini ya hapo. Asiye na kipimo anaweza kutumia chupa ya kioo iliyokauka. Punje hutiwa ndani pamoja na chumvi kavu kiasi kidogo, kisha chupa hutikiswa kwa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado ni mabichi. Ikianguka chini yote, yamekauka vya kutosha kuwekwa.

Kupukuchua kufanywe kwa mkono au kwa mashine ya kupukuchulia, si kwa kupiga gunia. Baada ya hapo mahindi yapepetwe na kuchekechwa, punje zilizovunjika na zilizobunguliwa zitengwe. Zilizovunjika ziliwe kwanza, na zenye ukungu zitupwe. Saa hiyo moja ya kupepeta humnyima mdudu wa unga chakula chake cha mwanzo.

Uchaga wa juu ya meko, unaotumiwa na Wamijikenda tangu zamani, bado una faida. Moshi na joto hukausha mabunzi na kuwafukuza wadudu. Lakini faida hiyo ni ya mahindi yaliyo kwenye maganda yake. Mahindi yaliyopukuchuliwa, na unga, huhitaji njia nyingine.

Njia iliyothibitika ni mfuko usiopitisha hewa. Ndani yake mna plastiki nzito, moja au mbili, zinazofungwa kwa kukazwa moja baada ya nyingine. Wadudu waliobaki humaliza hewa ya oksijeni, hushindwa kula, kisha hufa, bila dawa yoyote. Masharti yake ni matatu. Mahindi yawe makavu kabisa. Mfuko ujazwe na kukamuliwa hewa kabla ya kufungwa. Kisha usifunguliwe ovyo, hasa wiki za mwanzo, kwa sababu kila ukifunguliwa hewa mpya huingia na wadudu hupumua tena. Plastiki ikipata tundu, kazi imeharibika, hivyo mifuko iwekwe mbali na panya na vitu vyenye ncha. Silo ya chuma iliyozibwa vizuri hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

Kabla ya mavuno mapya kuingia, ghala lifagiwe hadi kwenye pembe na nyufa, na taka zichomwe au zizikwe mbali. Magunia ya zamani yachemshwe au yaanikwe kwenye jua kali. Mahindi mapya yasichanganywe na ya mwaka jana.

Kazi ya mwenye mashine na mwenye duka

Mashine ya kusaga inaweza kumpelekea mdudu kila mteja. Unga hubaki kwenye mifereji, chini ya mkungo na kwenye nyufa za sakafu, na kila kipande kinatosha kulea kizazi kizima. Mashine ifunguliwe na kusafishwa kwa ratiba, ukuta na sakafu zifagiwe kila jioni, na vumbi lisilundikwe nyuma ya nyumba. Mteja aliyeleta mahindi yaliyobunguliwa vibaya ahudumiwe mwisho, kisha mashine isafishwe.

Dukani, pakiti na magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, ili chini paweze kufagiwa. Mzigo wa zamani uuzwe kwanza. Mdudu wa unga si mtobozi hodari wa pakiti, lakini hupenya kwenye mikunjo na matundu madogo. Pakiti iliyopasuka ikiachwa rafuni siku nyingi huambukiza safu nzima. Mwenye duka anayepokea mahindi kutoka mbali, iwe bara au nchi jirani, afungue gunia mojamoja na kuchekecha sampuli kabla dereva hajaondoka. Hapo ndipo lawama huisha, kwa kuwa kila mtu ameona kwa macho yake.

Kazi ya jikoni

Nyumbani kanuni ni tatu. Kwanza, kusaga kidogo kidogo. Unga wa wiki mbili ni salama kuliko unga wa miezi miwili, kwa maana mdudu huhitaji takribani mwezi kukamilisha uzazi mmoja. Pili, kuhifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, si kwenye mfuko uliofungwa fundo. Tatu, kutomwaga unga mpya juu ya wa zamani. Ndoo imalizwe, ioshwe, ikauke kabisa juani, ndipo ijazwe tena.

Mwenye friza anaweza kuweka pakiti ya unga humo kwa muda wa wiki moja, na mayai pamoja na mabuu hufa. Majani makavu ya mwarobaini na majivu husaidia kuwapunguza wadudu kwenye nafaka nzima, lakini hayatoshi peke yake.

Dawa zinazoua wadudu zinaweza kuua watu

Dawa ya poda ya kuhifadhia nafaka hupakwa punje nzima tu, kwa kipimo kilichoandikwa, na muda wa kungoja kabla ya kula huheshimiwa. Haitiwi kwenye unga hata kidogo. Inunuliwe kwenye agroveti yenye leseni, ikiwa na lebo inayoonyesha kwamba imesajiliwa na bodi ya PCPB. Dawa iliyopimwa kwenye karatasi bila lebo isinunuliwe.

Vidonge vya kufukizia magunia ni hatari ya pekee. Vikigusa unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua watu waliolala chumba kimoja na magunia hayo au chumba cha pili. Ni kazi ya mtu aliyefunzwa, katika ghala lisilolaliwa na mtu. Mwenye mzigo mkubwa aombe huduma hiyo kwa wenye leseni.

Zaidi ya hayo, mbawakawa mwekundu ni mmoja wa wadudu waliozoea dawa upesi. Usugu wake dhidi ya malathion na dhidi ya fosfini umeripotiwa katika nchi nyingi. Kila mara dawa inapotumiwa nusu kipimo, wanaosalia ni wale sugu, na watoto wao hurithi usugu huo. Lakini hakuna mbawakawa aliyezoea kuishi bila oksijeni, wala aliyezoea ghala lisilo na vumbi la kula.

Kabla ya mavuno yajayo

Mvua kubwa zikipita na mahindi yakaribia kukauka, kila boma lina nafasi ya kujitayarisha. Ghala lifagiwe, turubai itafutwe, na kikundi kinunue mifuko isiyopitisha hewa kwa pamoja. Mwenye mashine na wateja wake wakubaliane siku ya kusafisha. Anayetaka kuonyeshwa namna ya kufunga mfuko au kupima unyevu amwone afisa wa kilimo wa wadi yake.

Mkulima wa Pwani hufanya kazi miezi mingi juani ili apate debe la mahindi. Hakuna sababu ya kumwachia mdudu wa milimita 4. Punje ikiwa nzima, kavu na safi, hana pa kuingilia.